Uzi: Kufika Mandvi (Kutch, India) na kuzunguka pale, mwenye uzoefu ashushe nondo

Mkilwa Mchuma
Habari za mida hii wakuu. Mwezi wa 12 naenda Gujarat kucheki mashine za kukamua alizeti, nitaanzia Rajkot afu Ahmedabad, na nikishamaliza mambo ya mashine nitabaki na siku kadhaa kabla ya ndege ya kurudi. Watu wote wananambia nenda Taj Mahal, mi nataka kwenda Mandvi, kamji kadogo ka pwani huko Kutch ambako mpaka leo wanajenga majahazi ya mbao makubwa kabisa. Mimi mtu wa Kilwa, chombo cha mbao nikikiona roho yangu inatulia. Shida ni kwamba nikigugo napata maelezo ya wazungu wenye magari ya kukodi na dereva. Mi nataka njia ya mtu wa kawaida, nafikaje, nalala wapi, nakula nini, na je mtu mweusi anasumbuliwa huko au ni maneno tu. Kihindi sijui, Kiingereza cha kuombea maji nnacho.

Kiti cha Nyuma
Naweka kambi hapa, wenye India yao waje.

Mhehe wa Rajkot
Mkuu umefika nyumbani, mi nipo Rajkot kimasomo na Kutch ndo kijiwe changu cha likizo, ngoja nikushushie taratibu.

Kwanza kabisa ukiwa unakata tiketi hakikisha umechagua Mandvi ya Kutch. Kuna Mandvi nyingine wilaya ya Surat, kuna Mandvi mtaa wa Mumbai karibu na Masjid Bunder, na Vadodara napo kuna Mandvi katikati ya mji mkongwe. Ukiandika Mandvi tu kwenye ramani unaweza kupelekwa upande ambao hata bahari hamna.

Pili, treni haifiki Mandvi. Stesheni ya kushukia ni Bhuj, na ndege pia ni Bhuj, kwahiyo mipango yako yote piga hesabu ya kufika Bhuj kwanza, afu kutoka pale kuna kama kilomita 60 kwenda kusini baharini. Ahmedabad mpaka Bhuj ni kama kilomita 330, na kufika Bhuj kuna njia tatu.

Treni. Tangu September 2024 kuna treni mpya inaitwa Namo Bharat, ya AC, inatoka Ahmedabad jioni inafika Bhuj usiku mida ya saa 5, inatumia masaa 6 kasoro, nauli haifiki rupia 500 na uzuri wake hamna habari za kubuku siti miezi miwili kabla. Ila angalia stesheni inayoondokea, Ahmedabad ina stesheni zaidi ya moja, Kalupur na Sabarmati ni vitu viwili tofauti na foleni ya jioni kati yao we acha tu. Treni zingine za kulala zinatokea Mumbai, kama Kachchh Express ya kutoka Bandra Terminus, unapanda jioni unaamka Kutch. Hizo ndo za kubuku. Dirisha linafunguliwa siku 60 kabla ya safari, zamani ilikuwa 120 wakabadilisha mwisho wa 2024, na Desemba ni msimu kwahiyo zinajaa haraka mno. Tiketi ikiandikwa WL maana yake huna siti, upo kwenye foleni, usijidanganye kwamba umeshapata. RAC unaruhusiwa kupanda ila kitanda mnakalia wawili mpaka mwenzako apatiwe nafasi. Wapo watakaokwambia kata tatkal, ile ya dharura inayofunguliwa siku moja kabla, saa 4 asubuhi ya India kwa mabehewa ya AC, ila tangu Julai 2025 ukikata tatkal mtandaoni wanataka Aadhaar, kitambulisho chao cha taifa, na we huna, kwahiyo usiitegemee, labda ukaulize dirishani mwenyewe na pasipoti.

Basi. Mabasi ya serikali yanaitwa GSRTC, kwa Ahmedabad yapo stendi ya Geeta Mandir. Mabasi ya kampuni binafsi ya usiku ni ya vitanda, kuna kitanda cha mtu mmoja na cha watu wawili, chagua cha mmoja kwenye ramani ya siti maana ukichagua cha wawili ukiwa peke yako utaletewa mbaba usiyemjua mlale bega kwa bega mpaka asubuhi. Na we ukitokea Rajkot moja kwa moja ni karibu zaidi, basi la mchana tu linakufikisha Bhuj, huna haja ya kurudi Ahmedabad kwanza.

Ndege, ipo Mumbai kwenda Bhuj. Uwanja wa Bhuj wanatumia pamoja na jeshi la anga, simu weka mfukoni, usipige picha hata ya bawa.

Mkilwa Mchuma
Aisee nimekuelewa sana. Kwahiyo bora nianze na Ahmedabad, afu Rajkot, afu ndo Bhuj. Na pale Bhuj kwenda Mandvi?

Mhehe wa Rajkot
Hapo ndo raha inapoanza. Stendi ya Bhuj mabasi ya Mandvi yapo siku nzima, saa moja mpaka saa moja na nusu umefika, nauli chini ya rupia 100. Shida moja tu, kibao cha mbele kimeandikwa Kigujarati, na hata namba zao wakati mwingine ni za Kigujarati, 5 yao haifanani na 5 yetu. We fanya hivi, kopi hili neno uweke kwenye simu yako: માંડવી. Ukiona kibao kina michoro hiyo panda. Au muonyeshe konda, hatokujibu kwa mdomo atakuonyesha siti. Nauli unakata ndani, konda ana kimashine kinatema risiti, mpe hela ndogondogo, noti ya 500 asubuhi kwa tiketi ya bei hiyo utamfanya achukie dunia.

Kuna na magari ya kuchangia, jipu na vigari vya watu 7 ambavyo vinapakia 11, yanasubiri karibu na stendi mpaka yajae. Hayo unayajua, sina haja ya kukuelezea mtu wa Kilwa.

Bhai wa Kisutu
Mwanangu Mhehe umeeleza vizuri. Mimi ni mtu wa Kutch kwa asili, baba wa babu yangu alitoka huko kwa jahazi akashukia Unguja, na tumezaliwa hapa hapa Kisutu. Nimeenda mara nyingi kuona ndugu. Naongezea mambo mawili matatu.

Huyu kijana wa Kilwa anakwenda mahali ambapo sisi na wao tumefahamiana zamani sana. Mandvi na Mundra ndiyo bandari zilizoleta wafanyabiashara wa Kutch Zanzibar. Jairam Shivji aliyekuwa anakusanya ushuru wa forodha Unguja enzi za Seyyid Said alikuwa mtu wa Kutch. Tharia Topan aliyejenga lile jengo zuri la Old Dispensary pale Mizingani, alizaliwa Lakhpat, huko kaskazini magharibi ya Kutch. Sasa hivi ukienda vijiji vinavyozunguka Bhuj, kama Madhapar, Baladia, Kera, utakuta nyumba kubwa kubwa zimefungwa kufuli, wenyewe wako Nairobi na London, wanarudi Desemba kwenye harusi. Kwahiyo usishangae umekaa unakunywa chai mzee mmoja akakuuliza kwa Kiswahili safi wewe mtu wa wapi. Mwezi wa 12 hasa. Ukikutana na wazee hao salimia shikamoo, watafurahi na hutolipa chai.

Jambo la pili ni malazi. Kila hoteli inayolaza mgeni wa nje lazima ijaze Fomu C, ile ya kumripoti mgeni serikalini, mtandaoni ndani ya masaa 24. Gesti ndogo nyingi hazijasajiliwa kufanya hivyo, au mwenyewe anaogopa usumbufu wa polisi, kwahiyo atakwambia "full" na funguo zinaning'inia nyuma yake. Watu wetu wanadhani ni ubaguzi. Mara nyingine ni ubaguzi kweli, sitawatetea, lakini mara nyingi ni hiyo fomu. Piga simu kabla, uliza neno moja tu, mnapokea pasipoti ya nje? Akisema ndiyo, ongea bei.

Mhehe wa Rajkot
Shikamoo mzee. Hilo la Fomu C ni kweli tupu. Mi ilishanitokea, sio Mandvi, nimebuku kwenye ile programu ya simu, nimelipia kabisa, nafika mapokezi kaka anaangalia pasipoti anaanza kukuna kichwa, mpaka nikalala kwingine na hela kurudi ilichukua muda. Kwahiyo mkuu usilipie kabla, weka ile ya kulipa ukifika. Na uwe na kopi kadhaa za pasipoti na viza mfukoni, kila mtu atataka.

Mama Tausi
Mi naomba kuuliza kwa upande wa wanawake. Niliwahi kukaa India na mgonjwa, huko Chennai, ila hospitali na mtaani ni tofauti. Mwanamke peke yake anafika huko? Na vyoo njiani?

Mhehe wa Rajkot
Dada anafika vizuri, Gujarat kwa wanawake kutembea jioni ni afadhali kuliko sehemu nyingi nilizopita, hata hapa Rajkot usiku utakuta wadada kwenye skuta. Kwenye basi la usiku ukikata tiketi mtandaoni kuna siti zimetengwa kwa wanawake, ukichagua hizo hawakuweki na mwanaume. Vyoo, basi linasimama kwenye hoteli za barabarani, sio visafi sana, beba tishu na sabuni yako maana utakuta maji na kopo, basi. Nguo, za kufunika mabega na magoti, Mandvi watu ni wa dini, Wahindu, Wajaini na Waislamu wote, hata ufukweni wanawake wanaingia majini na nguo zao kamili.

Kuhusu mtu mweusi. Mkuu watakukodolea macho, hilo jiandae, na vijana wataomba selfi mpaka utachoka. Wengine watakuita Sidi. Usikasirike haraka, Masidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika, wapo Gujarat karne na karne, wapo hata huko Kutch, wanaongea Kigujarati na Kikutchi kuliko hao wanaokushangaa. Kuna siku muuza machungwa kaniongelesha Kikutchi dakika nzima, nimebaki natikisa kichwa tu, akaniongezea machungwa akijua ni wa nyumbani.

Mtoto wa Kibokoni
Yakhe, mimi ni wa Mombasa, nimefika Mandvi na marafiki watatu. Hii story ya basi sawa, lakini watu wanne mkichanga, teksi kutoka Bhuj ni nafuu na mnasimama mtakapo. Njiani karibu na Koday kuna hekalu kubwa la Wajaini wanaliita 72 Jinalaya, jeupe pe pe pe, ukiwa kwa basi unalipita tu. Kwani mwanishauri mtu aje atoke Afrika asimame kwa basi saa moja na nusu?

Mhehe wa Rajkot
Wewe mlikuwa wanne kaka, yeye yuko peke yake na ana hela ya mashine mfukoni. Akipanda teksi peke yake dereva akimwona mgeni anataja bei ya mwezi mzima. Ila kama utachukua, patana kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri, na muandikiane kwenye meseji.

Mtoto wa Kibokoni
Hiyo ya meseji nakubali. Wetu alikuwa muungwana lakini kila duka alilotushusha lilikuwa la binamu yake, hahaha.

Mkilwa Mchuma
Sasa nikishafika Mandvi naelekea wapi? Hayo majahazi yapo wapi hasa, kuna geti, kuna kiingilio?

Mhehe wa Rajkot
Hamna geti hamna kiingilio. Mandvi ipo mdomoni mwa mto Rukmavati, na basi linapoingia mjini unavuka daraja, ukiangalia pembeni unaona mbavu za vyombo zimesimama juu ya mchanga kando ya mto kama mifupa ya nyangumi. Kutoka stendi ni kutembea tu. Ukiwa na mzigo kuna bajaji, hazina mita, kubaliana bei kabla hujaweka makalio, mji wenyewe mdogo hakuna safari ya ndani ya kukuua.

Pale kwenye vyombo nenda asubuhi kabla jua halijapanda. Utaona mkuku umelazwa, mataruma yamesimama ghorofa kadhaa juu, na mafundi wanapanda kwa ngazi za mbao zilizofungwa kamba. Kalafati bado wanafanya na pamba, mzee anakaa kwenye ubao unaoning'inia ubavuni, anasokota pamba kwa vidole, anaiweka kwenye mwanya kati ya mbao mbili afu anaigonga na patasi butu mpaka inapotea ndani, anasogea inchi chache anarudia, hivyo hivyo chombo kizima. Misumari ni ya chuma mirefu kama mkono wa mtoto, wanatoboa kwanza ndo wanaipigilia. Mbao nyingi wananunua kutoka Malaysia, chombo kimoja kinachukua miaka miwili na zaidi. Siku hizi vina injini za dizeli, na vikimalizika vinaenda kubeba mzigo Dubai, Somalia, kote huko. Picha omba kwanza, kwa ishara tu inatosha, hakuna aliyewahi kuninyima. Ila usipite chini ya jukwaa watu wakiwa juu wanafanya kazi, nyundo ikidondoka haichagui mgeni.

Na usiende mchana. Kuanzia saa 7 mpaka saa 10 hivi mji unalala. Nasema unalala kweli, maduka yanashusha shata, hata fundi viatu hayupo. Huo muda we kula thali, lile sinia la mlo wao wa mchanganyiko, ukalale na wewe.

Bhai wa Kisutu
Kwa habari ya chakula, ukifika Mandvi hujala dabeli basi hujafika. Ilianzia hapo hapo Mandvi. Ni mkate mdogo unapasuliwa, ndani viazi vilivyopondwa na masala yake, chatne ya ukwaju na ya kitunguu saumu, karanga za pilipili, punje za komamanga, halafu mkate unapakwa siagi na kukaangwa kwenye chuma. Rupia 20 au 30. Kula ya mkokoteni wenye foleni ya watu wa pale pale. Mengine yote ni mboga, nyama itabidi uulize mitaa ya Waislamu. Thali wanakuongezea mpaka useme basi, na ukinyamaza wanaongeza tena. Siagi ya maziwa ni nyingi, mwenye presha ajiangalie.

Kiti cha Nyuma
Na upande wa kinywaji baridi je? Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu.

Mhehe wa Rajkot
Mwambie rafiki yako Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lilivyoanzishwa 1960. Mgeni wa nje anaweza kuomba kibali kwa pasipoti na kununua kwenye duka lenye leseni, ila Mandvi asitegemee. Na wale vijana watakaomnong'oneza stendi awaogope, kukamatwa na chupa bila kibali ni kesi kweli kweli. Anywe chasi, maziwa ya mgando yenye chumvi na bizari, kwa joto lile yanatosha.

Mkilwa Mchuma
Hahaha ujumbe umefika. Hela je? Nasikia huko kila kitu ni kuskani.

Mhehe wa Rajkot
Ni kweli, hata muuza njugu ana karatasi ya kuskani, UPI wanaita, ila inataka akaunti ya benki ya kwao. Kuna ya wageni ipo lakini usiitegemee mji mdogo. We beba keshi, toa kwenye ATM ukiwa Rajkot au Bhuj, na omba noti za 100 na 50. Laini ya simu chukua uwanja wa ndege au mji mkubwa, wanataka pasipoti, viza na picha, na inaweza kuchukua masaa kuwaka. Kijijini wakala hatojua aanzie wapi na mgeni.

Viza omba mwenyewe mtandaoni kwenye tovuti ya serikali inayoishia na gov.in. Zinazotokea juu kabisa ukigugo nyingi ni za madalali, zinachukua hela mara mbili tatu. Na kadi ya njano beba, chanjo ya homa ya manjano uwe umechoma siku 10 kabla ya safari, usiende kuchoma juzi yake ukasumbuliwa uwanjani.

Mtoto wa Kibokoni
Usisahau Vijay Vilas Palace, kilomita chache nje ya mji, ni nyumba ya kifalme ya miaka ya 1920 ya mawe mekundu, ukipanda juu wauona bahari na mashamba. Hiyo wachukua bajaji kwenda na kurudi, umwambie akungoje, maana ya kurudi hupati. Na jioni ufukweni kuna ngamia na mitambo ya upepo, lakini Jumapili pajaa mno, kelele, ngamia, watoto. Katikati ya wiki ni tofauti kabisa.

Bhai wa Kisutu
Na Kranti Teerth njia hiyo hiyo karibu na mji, kumbukumbu ya Shyamji Krishna Varma, mzaliwa wa Mandvi, mpigania uhuru aliyefungua India House London. Wamejenga nyumba mfano wa ile ile ya London, matofali mekundu, katikati ya ukame wa Kutch. Inachekesha kidogo kuiona pale lakini imetunzwa vizuri. Na Bhuj usiipite tu. Tetemeko la 26 Januari 2001 liliangusha mji karibu wote, sisi wenyewe tulipoteza watu. Kuna makumbusho ya Smritivan juu ya kilima, yalifunguliwa 2022, yape nusu siku.

Mkilwa Mchuma
Pole sana mzee. Nitapita. Swali la mwisho, nimeona picha za jangwa jeupe la chumvi huko huko Kutch, naweza kuunganisha?

Mhehe wa Rajkot
Unaweza, Desemba ndo wakati wake, mvua zikishakauka chumvi inakuwa nyeupe, na kuna tamasha la Rann Utsav pale Dhordo kwahiyo bei za mahema ni za harusi. Usilale kule. Lala Bhuj, nenda mchana urudi usiku, ni kama kilomita 80 kwenda. Ila ule ni mpaka na Pakistan, lazima kibali, unaombea mtandaoni au kwenye kizuizi cha Bhirandiyara njiani, pasipoti halisi na kopi uwe nazo. Basi za huko ni za kubahatisha, na hapa sasa namkubalia mtu wa Kibokoni, chukua teksi na utafute wa kuchanga nao pale hotelini Bhuj. Kama una droni iache Dar. Ukishajua tarehe zako za Rajkot nicheki inbox, kama sina mtihani nakusindikiza mpaka stendi.